Jalada la Julai

Limetundikwa ukutani kwa daktari wa meno,
nyuma ya kioo, kati ya saa na kalenda:
mvulana na msichana pekupeku ukingoni mwa kijito,
kopo la chambo, mbwa mwenye sikio moja lililolala,
na nyuma yao ghala jekundu,
jekundu kama kishungi cha jogoo.

Bibi aliyeketi kando yangu anashusha pumzi.
"Enzi zile," anasema, "watoto walikuwa watoto."
Nimenyamaza. Shavu limevimba,
na huyo mvulana ni mimi.

Ghala letu halikuwa jekundu.
Lilikuwa na rangi ya mbao zilizokata tamaa;
Wisconsin nzima mwaka ule ilivaa rangi hiyo.
Mbwa alikuwa wa akina Tveit, tulimwazima kwa kipande cha soseji,
na saa nne haijafika alishamng'ata mchoraji.
Tena haikuwa Julai.
Ilikuwa Aprili, barafu imeondoka kijitoni juzi tu,
na samaki, wenye akili zao, walikuwa chini kabisa.

Bwana Lathrop alikuja kwa gari kutoka Milwaukee,
koti lake likinuka tapentaini na peremende.
Dola moja kwa kila mtoto, alisema.
Mama alisikia neno moja tu, "gazetini",
akashuka dukani kwa Ostby
akarudi na jozi mbili za viatu, kwa deni la daftari,
vyeusi, vikali, vikilia kila hatua.
"Dunia itawaona," alisema. "Isiwaone nyayo."

Mchoraji alicheka kwa upole.
(Upole ule ndio ninaoukumbuka.)
"Vueni, wanangu. Viatu havinunuliwi.
Watu wa mjini hununua vidole vya miguu."

Tukavua.
Alma alikuwa na miaka sita. Baridi ilimpanda hadi magotini,
midomo ikageuka rangi ya zabibu;
pale ukutani ni myekundu, imeshiba cheri.
Mimi nilikuwa na meno yangu yote.
Aliling'oa moja kwa ncha ya brashi,
la juu, la mbele, la kushoto,
maana mtoto wa shamba sharti awe na pengo.
Ndilo lilelile, nadhani, lililonileta hapa leo.

"Tazama macho yao," anasema bibi. "Wanaota."

Hatukuwa tunaota.
Tulikuwa tunamtazama Mama.
Alisimama nyuma ya mchoraji tangu asubuhi hadi jua la alasiri,
jozi zote mbili amezikumbatia kifuani
kama mtu aliyebeba vifaranga,
asiziweke chini, nyasi zisije zikazilowesha.

Kesho yake alizirudisha.
Ostby alipindua kila kiatu,
akapitisha kidole gumba kwenye soli,
hakuona hata chembe ya udongo.
Akalamba penseli, akalifuta jina letu.
Dola mbili zikawa pumba za ng'ombe.

Gazeti lilipofika, Mama alilichana jalada
akalibandika jikoni kwa gundi ya unga
pale ukuta ulipopasuka, upande wa kaskazini.
Majira yote ya baridi upepo ulitusukuma kutoka nyuma.
Jalada likavimba, likanywea, likavimba.
Alma hakutaka kulala chumba kingine.
"Tunapumua," alikuwa akisema.

Nimezaa, nimezika, nimeuza shamba.
Viatu nimenunua vingi mno;
mke wangu alinihesabia siku moja, akaacha njiani.

"Na wewe," bibi ananiuliza, "ulikulia shambani?"
Ninainuka kwa taabu, ninagusa kioo
pembeni kabisa, kulia, fremu inapoanzia.
"Hapa," ninamwambia kwa mdomo mzito,
"hapa pana viatu."

Ananitazama kama watu wanavyowatazama wazee,
kisha anatazama ukuta.
Mlango unafunguliwa.
"Bwana Rundhaug? Tuko tayari kuling'oa."